Mkono Wake Ulitangulia: Maisha ya Waldemar Haffkine, 1860–1930



Katika ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri tumezoea kuwaletea habari za maaskofu, wamisionari na walimu. Safari hii tumechagua mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu, wala hakuwa Mkristo. Alikuwa Myahudi, mzaliwa wa Odessa, na jina lake ni kubwa katika Bara Hindi hata leo. Twawaomba mtusome mpaka mwisho, kwa maana habari zake zinagusa jambo lililotusumbua sisi wenyewe katika mtaa wetu.

Mtakumbuka mwaka 2021. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulikuwa umetuzikisha watu wengi, na mazishi mengine tuliyafanya kwa haraka na kwa hofu. Tarehe 28 Julai mwaka ule Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa mbele ya watu pale Ikulu, Dar es Salaam, na baada ya hapo chanjo ikaanza kupelekwa mikoani. Wahudumu wa afya walikuwa miongoni mwa waliowekwa mbele kuipata. Jumapili moja baada ya Misa, bibi mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka 70 alimwuliza muuguzi ambaye ni mwimbaji wa kwaya yetu kama yeye mwenyewe amekwisha kuchanjwa. Muuguzi akatazama chini, akasema bado. Basi yule bibi akajifunga kanga yake vizuri, akasema kwamba naye atangoja. Na wote waliokuwa wakisikiliza wakangoja pamoja naye.

Hatuandiki haya ili kumwaibisha mtu. Sisi wenyewe tulikuwa tumesita, na kati yetu walikuwako waliosoma sana na waliosita kuliko wote. Lakini jambo lile lilitufundisha kwamba mtu wa kawaida akitaka kujua habari za dawa hatafuti karatasi ya wizara. Humtazama yule anayeishika sindano. Ndiyo sababu tumemkumbuka Haffkine.

Utoto na masomo

Waldemar Haffkine alizaliwa mwaka 1860 katika mji wa Odessa, ulio kando ya Bahari Nyeusi. Siku zile mji huo ulikuwa chini ya mfalme wa Urusi. Leo uko katika nchi ya Ukraine. Alisoma shule katika mji wa Berdyansk, na mwaka 1879 akaingia Chuo Kikuu cha Odessa kusoma elimu ya viumbe. Mwalimu wake mkubwa alikuwa Ilya Mechnikov, yule aliyegundua jinsi chembe za damu zinavyopigana na vijidudu vya maradhi, na ambaye baadaye, mwaka 1908, alipewa Tuzo ya Nobel.

Maisha ya kijana Myahudi katika nchi ile hayakuwa mepesi. Mwaka 1881, baada ya mfalme Alexander wa Pili kuuawa, watu waliwashambulia Wayahudi katika miji mingi, wakavunja nyumba na maduka yao. Haffkine aliungana na vijana wenzake kuwalinda watu wa kwao, akakamatwa na kutiwa ndani. Mwalimu wake Mechnikov alimwombea mpaka akafunguliwa.

Alipomaliza masomo alipata kazi katika nyumba ya makumbusho ya wanyama pale Odessa. Lakini hakuweza kupanda cheo na kuwa mwalimu wa chuo kikuu kwa sababu ya dini yake. Njia ilikuwa moja tu: abatizwe katika Kanisa la Orthodoksi. Alikataa. Sisi Wakristo yatupasa kusoma habari hiyo kwa haya, kwa kuwa ubatizo uligeuzwa kuwa bei ya kupatia kazi. Haffkine aliona kwamba mtu akiuza imani yake kwa ajili ya cheo, hata cheo chenyewe hakitakuwa na heshima.

Mwaka 1888 aliiacha nchi yake akaenda Geneva, Uswisi, na mwaka uliofuata akamfuata Mechnikov huko Paris, kwenye Taasisi ya Pasteur. Hakukuwa na nafasi ya kazi isipokuwa ya msaidizi katika maktaba. Akaipokea. Mchana alitunza vitabu, na saa zilizobaki alikaa kwenye maabara na vijidudu vyake.

Sindano ya kwanza

Ugonjwa alioushughulikia ulikuwa kipindupindu. Sisi tunaujua; umetutembelea mara nyingi, na twajua jinsi mtu mzima mwenye nguvu anavyoweza kukauka na kufa kwa siku moja. Mwaka 1892 kipindupindu kilikuwa kikiua watu maelfu kwa maelfu katika Urusi, na mwaka huo huo kikaupiga mji wa Hamburg katika Ujerumani.

Haffkine alifuga vijidudu vya kipindupindu katika maabara. Aina moja aliidhoofisha, aina ya pili akaiongezea nguvu. Mawazo yake yalikuwa kwamba mtu akichomwa kwanza vile vidhaifu, mwili utajifunza kupigana, kisha akichomwa vile vikali baada ya siku chache, mwili utakuwa umejiandaa na hautadhurika. Alijaribu kwa wanyama, akafaulu. Lakini mnyama si mtu, na palihitajika mtu wa kwanza.

Tarehe 18 Julai 1892 alijichoma mwenyewe. Alipata homa na maumivu, akaandika kwa uangalifu kila alichokisikia mwilini, na baada ya siku chache akapona. Akarudia kwa sindano ya pili. Ndipo rafiki zake watatu kutoka Urusi wakakubali kuchanjwa. Mwisho wa mwezi ule ule aliwaeleza wataalamu wa Paris matokeo yake.

Tusimfanye kuwa zaidi ya alivyokuwa. Mtu mmoja kujichoma dawa na kupona hakuthibitishi kwamba dawa inazuia ugonjwa. Kunaonyesha tu kwamba yeye hakufa, na kwamba anaiamini kazi yake kiasi cha kuuhatarisha mwili wake mwenyewe. Haffkine alilijua hilo vizuri. Alitaka kwenda mahali penye kipindupindu, achanje watu wengi, kisha ahesabu: wangapi waliochanjwa wameugua, na wangapi ambao hawakuchanjwa. Balozi wa Uingereza mjini Paris, Lord Dufferin, ambaye zamani alikuwa mtawala mkuu wa Bara Hindi, alimsaidia kupata ruhusa ya kwenda huko.

Katika vitongoji vya Calcutta

Alifika Calcutta mwezi wa Machi 1893. Mambo hayakuwa kama alivyotumaini. Madaktari wengi wa serikali walimtilia shaka, kwa kuwa hakuwa daktari wa tiba bali mtaalamu wa viumbe, tena Mrusi, na Myahudi. Wananchi nao walimwogopa kwa sababu zao. Mzungu ametoka mbali, amebeba chupa, anataka kuwachoma watu wazima wasioumwa kitu. Ni nani kati yetu angefungua mlango?

Mwezi wa Machi 1894 alialikwa na mganga mkuu wa mji aende kwenye kitongoji cha maskini kiitwacho Kattal Bagan, ambako kipindupindu kilikuwa kimeanza. Alikwenda pamoja na madaktari wananchi wa pale pale, akina Chowdry, Ghose, Chatterjee na Dutt. Hao walijua lugha ya watu, desturi zao, na namna ya kuingia katika nyumba zao. Kabla ya kumchoma mtu yeyote, Haffkine alichomwa yeye mwenyewe hadharani, watu wakitazama.

Katika watu wapatao 200 wa kitongoji kile, 116 walikubali. Baadaye wagonjwa wapya 10 walipatikana pale, na 7 kati yao walikufa. Wote walikuwa katika wale ambao hawakuchanjwa.

Hesabu hiyo ni ndogo, lakini wakuu wa mji waliiona, wakaamua kumpa fedha za kuendelea. Haffkine na wasaidizi wake walizunguka Bara Hindi, katika kambi za askari, magereza, mashamba ya chai na vijiji, na kufikia mwaka 1895 walikuwa wamechanja watu zaidi ya 40,000. Hakumlazimisha mtu. Waliotaka walichanjwa, wasiotaka waliachwa, na wote wakahesabiwa. Malaria ilimdhoofisha sana hata akalazimika kurudi Uingereza mwaka ule kutafuta afya. Mwaka 1896 akarudi tena Bara Hindi.

Tauni ya Bombay

Mwaka 1896 ugonjwa wa tauni uliingia katika mji wa Bombay, unaoitwa leo Mumbai. Wazee wetu wa Lushoto hawahitaji kuelezwa tauni ni nini. Ilianza kuwapata mwaka 1980 na kuwarudia mara kwa mara kwa miaka mingi: panya wafao, viroboto, homa kali, mitoki inayovimba kinenani na kwapani. Lakini siku za 1980 palikuwa na dawa za kutibu. Bombay ya 1896 haikuwa na dawa yoyote ya namna hiyo. Katika miaka iliyofuata tauni iliua watu zaidi ya milioni 10 katika Bara Hindi.

Serikali ilimwita Haffkine mwezi wa Oktoba. Alipewa chumba kidogo na ukumbi wa kupitia watu katika Chuo cha Tiba cha Grant, karani mmoja, na watumishi wachache. Akafanya kazi usiku na mchana. Vijidudu vya tauni alivikuza katika mchuzi wa nyama. Mwanzoni mtu angefikiri nyama yoyote ingefaa, lakini Mhindu hali ng'ombe na Mwislamu hali nguruwe. Basi ikatumika nyama ya mbuzi, ili asiwepo wa kukwazwa. Twaona kwamba alijali hata lile ambalo wengi wangeliona dogo. Vijidudu vilipokwisha kukua, aliviua kwa moto wa kadiri na kuvitia dawa iitwayo kaboliki, na hivyo vilivyokufa ndivyo vilivyokuwa chanjo.

Tarehe 10 Januari 1897 alichomwa yeye kwanza. Kipimo alichotumia kilikuwa kikubwa, zaidi ya mara tatu ya kile alichokusudia kuwapa wengine, ili kama kuna madhara, yeye ayaone kabla yao. Alishikwa na homa na maumivu makali, lakini aliendelea na kazi. Baada yake wakajitokeza madaktari na watu wengine wa mji kuchanjwa kwa hiari yao.

Mwisho wa mwezi ule tauni ilizuka katika gereza la Byculla. Wafungwa waliokuwamo walikuwa zaidi ya 300, na karibu nusu yao walijitolea kuchanjwa. Waliougua na kufa walikuwa wengi zaidi upande wa wale ambao hawakuchanjwa. Leo sheria za utafiti zingeuliza kwa ukali kama mfungwa anaweza kweli kusema hapana, na ni vema ziulize hivyo. Lakini matokeo yale yaliwafungua watu macho.

Mtu mmoja aliyemsaidia sana ni wa kukumbukwa nasi wa Afrika Mashariki, kwa maana hospitali na shule zenye jina lake tunazijua. Naye ni Aga Khan wa Tatu, Sultan Muhammad Shah, imamu wa Waismailia, ambaye wakati ule alikuwa kijana wa miaka 19 tu. Alimpa Haffkine jumba la kufanyia kazi. Kisha, alipoona wafuasi wake wanaogopa, alichanjwa mbele yao, wala si mara moja tu. Maelfu ya watu wa jumuiya yake wakamfuata.

Hofu ina sababu zake

Hata hivyo wengi walikataa, na hapa yatupasa kuwa waangalifu tusiwacheke. Serikali ya kikoloni ilikuwa ikipambana na tauni kwa mabavu. Askari waliingia nyumba kwa nyumba, wakawatoa wagonjwa kwa nguvu, wakawapeleka kwenye kambi ambako jamaa zao hawakujua yatakayowapata. Wanawake walikaguliwa mbele ya macho ya watu. Mali iliteketezwa. Katika mji wa Poona chuki ilizidi hata ofisa aliyesimamia kazi hiyo akapigwa risasi tarehe 22 Juni 1897, akafa baadaye.

Watu waliotendewa hivyo wangewezaje kuitofautisha sindano na bunduki, nazo zimetoka kwa mkono mmoja? Ndiyo maana mkono wa Haffkine mwenyewe, na mikono ya wale madaktari wananchi, ilikuwa na maana kubwa. Ilisema kwamba kinachotolewa hapa si adhabu, kwa kuwa mtoaji amekipokea kwanza.

Wala chanjo yake haikuwa kamilifu. Ilileta homa iliyoweza kumlaza mtu kitandani, na kwa kibarua anayelipwa kwa siku, siku mbili za homa ni siku mbili za njaa. Wapo waliochanjwa wakaugua vile vile. Ilipunguza ugonjwa na vifo, haikuvikomesha. Haffkine hakuficha hayo, aliyaandika katika hesabu zake.

Msiba wa Mulkowal

Mwaka 1899 maabara yake ilihamishiwa katika jumba kubwa la serikali huko Parel, naye akawa mkuu wake. Chanjo ilipelekwa sehemu nyingi za dunia. Alikuwa amefika kileleni. Ndipo ukaja msiba.

Tarehe 30 Oktoba 1902, katika kijiji cha Mulkowal mkoani Punjab, watu 107 walichanjwa. Baada ya siku chache 19 kati yao walishikwa na pepopunda, na wote 19 wakafa. Wote walikuwa wamechomwa dawa kutoka katika chupa moja. Waliochomwa kutoka katika chupa nyingine hawakudhurika.

Tume iliundwa. Lawama ilielekezwa kwenye maabara ya Bombay, kwa sababu Haffkine alikuwa amebadilisha namna ya kutengeneza dawa, akitumia moto bila kaboliki. Aliondolewa kazini, akaondoka Bara Hindi jina lake likiwa limechafuka. Watu waliokuwa wakimsifu wakanyamaza.

Lakini katika ushahidi palikuwa na neno ambalo halikupewa uzito wake. Pale kijijini, wakati wa kufungua chupa ile, msaidizi alikuwa ameangusha chini kibano cha kuvutia kizibo. Udongo, hasa mahali penye mifugo, una vijidudu vya pepopunda. Kibano hakikusafishwa inavyopasa, kikatumika. Tena, kama chupa ingekuwa imeingiwa na vijidudu tangu Bombay, dawa ingenuka ilipofunguliwa, na wagonjwa wangeanza kuugua mapema zaidi.

Miaka ikapita. Mwezi wa Julai 1907 wataalamu 10, na mmoja wao ni Ronald Ross, yule aliyegundua kwamba mbu ndiye anayeeneza malaria, waliandika barua katika gazeti la The Times la London kumtetea. Mwishoni mwa mwaka ule akasafishwa na lawama, na akaruhusiwa kurudi kazini. Alirudi Calcutta, lakini cheo chake cha zamani kilikuwa kimekwisha kushikwa na mwingine, na kazi aliyopewa ilikuwa na mipaka mingi. Aliifanya mpaka alipostaafu akiwa na miaka 55.

Tumeitafakari sana habari hii ya kibano. Mkono mmoja uliotangulia ulifungua milango ya watu maelfu. Mkono mwingine, kwa kitu kidogo kilichoanguka chini na kuokotwa, uliifunga. Yule msaidizi hatumjui moyo wake. Labda alikuwa amechoka, labda foleni ilikuwa ndefu. Lakini wale 19 walikuwa wameuamini mkono wake, na baada yao vijiji vingi vya Punjab viliiogopa sindano.

Siku za mwisho

Haffkine hakuoa. Katika miaka ya uzee alishika dini ya baba zake kwa bidii kuliko alipokuwa kijana, na mali aliyoiacha aliiweka kwa ajili ya shule za dini za Kiyahudi katika Ulaya ya Mashariki. Mwaka 1925 maabara ile ya Bombay ilipewa jina lake, ikaitwa Taasisi ya Haffkine, na inaitwa hivyo mpaka leo. Alikufa katika mji wa Lausanne, Uswisi, mwezi wa Oktoba 1930, akiwa na umri wa miaka 70.

Mfano wa karibu

Kabla ya kumaliza, twapenda kuongeza mfano mmoja wa pwani yetu hii ya Afrika Mashariki. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mtumishi wa hospitali. Jina lake Ali Maow Maalin, mpishi katika hospitali ya mji wa Merca, Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 aliwaonyesha njia watu waliokuwa wamebeba wagonjwa wa ndui katika gari. Alikuwa nao dakika chache tu, na siku chache baadaye akaugua. Aliishi kati ya watu wa chanjo na alikuwa amewahi kufanya nao kazi, lakini yeye mwenyewe aliikwepa sindano kwa kuogopa maumivu. Kwa rehema alipona, na watu wengi waliokuwa wamekutana naye wakatafutwa na kuchanjwa, ndui isienee tena.

Hakuificha aibu yake. Miaka mingi baadaye alijiunga na kazi ya kuwachanja watoto dhidi ya polio katika nchi yake, na wazazi waliposita aliwasimulia yaliyompata. Alifariki mwezi wa Julai 2013 akiwa bado katika kazi hiyo, kwa ugonjwa wa malaria. Haffkine alishawishi watu kwa sindano aliyoipokea, na Maalin kwa sindano aliyoikimbia, kwa sababu aliisema kweli.

Neno letu

Ndugu zetu wauguzi, waganga, wakunga na wahudumu wa zahanati mlio katika mtaa huu, hakuna anayewataka mfanye kama Haffkine. Yeye alijichoma dawa ambayo hakuna mtu aliyewahi kuipata. Chanjo mnayoletewa leo imekwisha kujaribiwa kwa maelfu ya watu waliojitolea kabla haijafika kwenye sanduku lenu la barafu. Mkiwa na shaka, ulizeni. Kuuliza si kosa kwa mtu wa kazi yenu. Haffkine mwenyewe aliuliza na kuhesabu maisha yake yote. Shaka inayoulizwa hupata jibu, bali ile inayofichwa huenea kimya kimya kutoka kwa mhudumu hadi kwa mama aliyemleta mtoto, na kutoka kwa mama hadi kwa majirani.

Na sisi tusio wahudumu tuna sehemu yetu. Yule muuguzi wa kwaya yetu alitueleza baadaye kwamba alikuwa amesikia maneno mengi juu ya kuganda kwa damu na juu ya uzazi, na hakuna mkubwa wake aliyeketi naye kumjibu. Alipewa orodha ya watu wa kuchanja, hakupewa nafasi ya kuuliza. Tena alikuwa mtu wa kwanza kukutana na wagonjwa, barakoa zikiwa haba, nasi tulimtaka awe hodari bila kumwuliza analalaje usiku. Mwishowe daktari mmoja mstaafu aliketi naye jioni nzima, akamweleza kwamba madhara yale ya damu yapo lakini ni nadra sana, na kwamba ugonjwa wenyewe unaleta hatari kubwa zaidi. Wiki ile ile alichanjwa. Jumapili iliyofuata alimtafuta yule bibi kabla bibi hajamtafuta yeye, akamwonyesha mkono wake ambao bado ulikuwa unauma.

Bibi alimwuliza kama alipata homa. Akajibu kwamba ndiyo, siku moja na usiku wake. Nadhani lile jibu la kweli, pamoja na homa yake, ndilo lililomfanya bibi aulize ni siku gani wanachanja.

Magonjwa mengine yatakuja, maana hayakuanza na sisi wala hayataisha na sisi. Siku ile itakapofika, wazee watauliza tena swali lile lile nje ya kanisa. Na tuwatunze wahudumu wetu tangu sasa, tuwasikilize na kuwajibu, ili wakiulizwa wasiwe na sababu ya kutazama chini.